Marehemu Anadai Funguo Zake

11 Januari

Kwako Redio, mtoto wa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwa dada yako. Sisi ni wazima, ukiondoa masikio yangu na mgongo. Mapacha wameanza kukaa. Mmoja anakaa na mwingine anaangushwa na aliyekaa. Dada yako amerudi kazini hospitalini, usingizi wake anaumalizia mezani akiwa na kijiko mkononi. Mume wake ni mtu mwema, lakini wamepanga nyumba yenye jiko ambalo mkiingia wawili, mmoja lazima atoke kinyumenyume.

Sasa nisikilize. Kwenye simu sikutaki tena. Nikikuuliza jambo usilolipenda unageuka fundi wa "mtandao unakatika, Shangazi". Barua haikatiki. Utaandika, utampa dereva wa basi, nami nitaichukua stendi.

Nyumba yangu nimekuachia ikiwa na adabu zake, nataka niikute nazo. Cherehani ifunikwe. Pazia za sebuleni zisifuliwe kwa maji moto, maana upindo wake niliushona kwa mkono. Dirisha la mbele, lile lenye misumari, liache kama lilivyo. Chumba cha uani ni chako. Sebule si yako, unapita tu.

Na kazi yako ya kutembeza wageni inaendaje? Nimewaambia majirani wote wa huku kwamba mtoto wangu ndiye anayeonyesha watu mji mkuu. Usije ukanifanya mwongo.

Nitarudi mapacha wakianza kutembea.

Ni mimi Shangazi yako.


9 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya tele, na mapacha wanakucheleweshea uzee. Mimi sijambo. Baba alipiga simu kutoka nyumbani, anakusalimu, mahindi yao yamekubali mwaka huu.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi imenibana. Asubuhi nawapeleka wageni makumbusho, ambako swali lao la kwanza ni choo kiko wapi. Kutoka hapo tunakwenda bustani ya wanyama. Simba amelala, Shangazi, kila siku amelala, na wageni wananitazama kama mimi ndiye niliyemlaza. Mchana tunapanda mnara kwa miguu kwa sababu lifti ni mbovu, kisha soko la vinyago, na jioni boti ziwani. Wanarudi hotelini na picha mia na miguu imevimba.

Meneja wetu hafurahi. Anasema wageni wanaondoka hawana hadithi hata moja ya kupeleka kwao. "Vitu wameona," anasema, "wanataka mtu." Basi kila mwongozaji anakuna kichwa.

Nyumba iko salama kabisa. Kila anayeingia anaisifu. Pazia hasa.

Hivi Shangazi, kile kiti cha mkono uliokatika ni cha zamani kiasi gani? Na mume wako yule, mlikutana wapi? Nauliza tu, nimekukumbuka. Wala usiharakishe kurudi. Watoto wanakuhitaji.

Mwanao, Redio.


2 Machi

Redio,

Salamu zako nimezipata. Mapacha wameota meno na wanayajaribu kwangu. Dada yako ana mafua, shemeji yako amemshonea mtoto kifungo cha shati upande wa nyuma. Nimekifumua nikakaa kimya, unijue nilivyojizuia.

"Kila anayeingia" ni nani? Mimi nilikuachia funguo, sikukuachia stendi ya basi. Fundi wa paa aingie, na jirani yangu mwenye duka akija kuchukua chujio lake. Wengine wanaingia kufanya nini hata wakasifu pazia? Nijibu hilo kwanza kabla hujaniambia habari za simba.

Na yule mwanamume umemkumbuka kwa lipi? Hukuwa umezaliwa. Lakini kwa kuwa umeuliza, shika kalamu uandike, ili siku nyingine usiulize tena. Alikuja mjini na kofia, akanioa na kofia, akala jasho langu bila kuivua ile kofia. Mimi nilishona sare za shule, za wauguzi, za walinzi, mpaka vidole vikawa na sugu. Yeye alikuwa "anafuatilia mpango". Nyumba ile nimeinunua kwa mguu wangu huu wa kulia uliokanyaga cherehani. Siku nilipomaliza kuilipia, alileta marafiki kuwaonyesha nyumba "yake". Nikampa sanduku lake mbele yao, nikamwonyesha mlango. Sikumlilia. Nililala vizuri kuliko nilivyolala tangu niolewe.

Kiti cha mkono uliokatika alikikata yeye, kwa kuegemea.

Mimi Shangazi yako, ninayesubiri jibu.


20 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima. Mvua zimekuwa nyingi, paa la stoo nimeliziba.

Nina habari njema: nimepandishwa. Sasa ndiye mwongozaji mkuu wa matembezi ya mjini. Meneja amenishika mkono mbele ya wenzangu. Wageni wanasema mzunguko wangu ndio unaobaki moyoni, wengine wanalia kabisa wakati wa kuagana.

Hao wanaoingia ni marafiki tu wa kazini, Shangazi, wa kunywa maji na kupumzika.

Dada ameniambia presha yako inapanda na kwamba huenda ukakaa huko moja kwa moja. Si vibaya. Mji siku hizi una vumbi.

Karatasi imekwisha.

Redio.


6 Mei

Wewe Redio,

Karatasi imekwisha? Ngoja nikupe nyingine, ninayo tele.

Jumapili alikuja hapa muuguzi mwenzake dada yako, binti mpole, ametoka likizo. Alikwenda kutembea mji mkuu. Tukamwandalia chai, akatoa simu aanze kutuonyesha picha. Hapa ni makumbusho. Hapa simba, amelala. Hapa nimo ndani ya boti, nilitapika kidogo. "Na hapa, mama," akaniambia mimi, "hapa utalia. Hii ndiyo Nyumba ya Aliyengoja."

Nikaona pazia zangu.

Nikavaa miwani, nikaona na kiti. Nikaona cherehani yangu imefunuliwa, imewekewa ua la plastiki juu yake kama kaburi. Nikamwuliza yule binti, kwa sauti ya kawaida kabisa, mwenye nyumba yuko wapi. Akanishika mkono. "Alifariki, mama. Kwa majonzi. Mume wake alisafiri akapotea, naye akakaa dirishani miaka yote akimtazamia, anashona na kungoja, anashona na kungoja, mpaka siku moja walimkuta ameinamia cherehani." Akafuta macho. Akasema mwongozaji alisimulia vizuri mno, kijana mmoja mwembamba anayeongea bila kumeza mate.

Dada yako alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikucheka, na sijacheka hadi leo.

Sikiliza, mtoto wa kaka yangu. Kwamba umeniua, hilo ningekusamehe. Watu hufa. Lakini umenikalisha dirishani namngoja yule! Mimi! Niliyemtoa kwa mkono wangu mchana kweupe! Umechukua kitu kimoja nilichofanya maishani bila kumwomba mtu ruhusa, ukakigeuza kilio. Na unawauzia watu wasionijua, wanakwenda kwao wakinihurumia. Imeniuma, Redio. Nilikulisha miaka yote ya chuo, hukuwahi kuniona nimekaa dirishani hata siku moja. Nilikuwa na kazi.

Nataka mambo mawili. Ua la plastiki litoke. Na mimi nifufuke kabla ya mwisho wa mwezi.

Shangazi yako, mzima.


28 Mei

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Mapacha hawajambo? Miguu yako?

Naomba unisikilize. Ilikuwa mvua. Basi letu liliharibika jirani na nyumbani, nina wageni wamelowa, nikawaingiza sebuleni wajikaushe. Mama mmoja akatazama cherehani, akatazama dirisha lenye misumari, akaniuliza mwenye nyumba yuko wapi na kwa nini dirisha limepigwa misumari. Shangazi, wewe hukuwahi kuniambia kwa nini. Nikasema la kwanza lililonijia mdomoni. Yule mama akaanza kulia, mumewe akavua miwani. Sikuwahi kumliza mtu kwa habari za mnara. Kesho yake Meneja akanitafuta mwenyewe: "Ile nyumba iko wapi?" Akaiweka kwenye mzunguko, kati ya soko la vinyago na boti. Nilikusudia kumwambia ukweli. Kila siku nilikusudia.

Na ningewaambiaje kwamba umemfukuza? Wageni wamekuja kupumzika. Wanapenda penzi.

Lakini ua nimelitoa. Na usiwe na wasiwasi na nyumba, siko peke yangu tena. Habari zilipoenea alikuja mzee mmoja wa heshima kutoa pole. Alikaa, akalia, akasema ni mtu wa karibu wa familia, na tangu hapo ananisaidia kuangalia nyumba nikiwa na wageni ziwani. Mzee msafi, mwenye maneno matamu. Ana katabia kamoja tu kanakonikera: akiingia anatundika kofia yake juu ya cherehani.

Nisamehe.

Mwanao.


10 Juni

Redio,

Sina salamu.

Kofia juu ya cherehani. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye tabia hiyo, nimegombana nayo miaka yote ya ndoa yangu. Umemwita mwenyewe! Umetangaza mji mzima kwamba nimekufa nikimlilia, na yeye, ambaye hana haya wala soni, amekuja kuchukua rambirambi na nyumba juu yake.

Mtoe. Leo. Usimsikilize neno hata moja, maana akianza kuongea utamkaribisha chai.

Shangazi.


30 Juni
Nyumbani kwa Baba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika kutoka huku kwa Baba. Wote wazima, mahindi yamevunwa. Baba anasema ugomvi wa wazee nisiuingilie.

Barua yako niliipata nikiwa tayari nimekunywa chai naye.

Nilimwambia aondoke. Akacheka, akaniuliza: "Mimi ni nani katika hadithi yako?" Nikasema ni mume. "Na marehemu alikuwa akimngoja nani?" Nikasema mumewe. "Basi nimefika," akasema, akakaa kwenye kiti. Siku iliyofuata nikakuta kitasa kipya mlangoni na begi langu barazani.

Nikakimbilia kwa Meneja. Nikamwambia kila kitu, kwamba u hai na unalea mapacha, na kwamba yule alifukuzwa. Meneja akasema nina wivu. Mzee anasimulia mwenyewe sasa, anajiita mume aliyechelewa, na anapofika mahali pa kuomba msamaha mbele ya cherehani wageni hawawezi hata kupiga picha. Meneja amenitoa kazini. Wameshaweka na kibao mlangoni, chenye jina la yule mzee kama mwenye nyumba.

Nimewaza sana, Shangazi, na sijui la kufanya. Naona haya hata kuandika. Usije, nakuomba. Dada anasema presha yako haitaki safari, na mimi sitaki kukuua mara ya pili.

Redio.


14 Julai
Nyumbani kwangu

Kwako Redio, mtoto wa kaka yangu,

Salamu kwako na kwa baba yako. Mwambie kaka yangu kwamba ugomvi wa wazee umekwisha, na kwamba siku nitakayokuja kumtembelea tutakuwa na mazungumzo marefu juu ya neno hilo "usiingilie". Mapacha wamewaacha watu hoi: wametembea wote wawili siku moja. Nilisema nitarudi wakitembea, na mimi ni mtu wa ahadi. Dada yako alisema presha. Nikamwambia presha yangu inakaa katika nyumba yangu, naifuata.

Nilifika asubuhi. Sikwenda moja kwa moja. Nilikaa dukani kwa jirani, ambaye aliponiona alimwaga kilo nzima ya sukari, nikamwambia afunge mdomo na aniletee maji. Nikangoja basi la wageni. Ndiyo, nimengoja. Hilo ndilo pekee lililokuwa kweli katika hadithi yako.

Basi lilipokuja nikajichomeka nyuma yao, nimevaa miwani ya jua ya dada yako na kitambaa mpaka usoni. Meneja wako alikuwa mlangoni mwenyewe. "Karibu mama, uwe mwangalifu na kizingiti." Kizingiti changu! Nilichokitia saruji mimi! Nikamwambia asante, nikaingia.

Sebule yangu inanuka tumbaku. Pazia zimefuliwa kwa maji moto, Redio, na nadhani unajua ni nani wa kulaumiwa. Kofia ilikuwa mahali pake, juu ya cherehani. Yeye alikuwa kwenye kiti, amezeeka, tumbo limetangulia, lakini sauti ni ile ile ya asali. Akaanza. "Hapa ndipo alipokaa mke wangu, kila jioni, dirisha hili wazi, macho njiani." Akina mama wakaanza kutafuta leso.

Mgeni mmoja, mwanamume mrefu wa nyuma, akauliza dirisha liliwezaje kuwa wazi na misumari yote ile. Mzee wetu hakubabaika. "Aliipiga siku niliposafiri," akasema. "Aliapa dirisha lisifunguke mpaka nirudi."

Hapo nikavua miwani.

Nikasema: "Misumari niliipiga mimi, hapo hajasema uongo. Sasa ngojeni niwaambie kwa nini."

Aligeuka kunitazama, na rangi ikamtoka. Wageni wakanipisha. Nikawaambia hivi. Nilikuwa nimeshamtoa huyu bwana, sanduku lake na kila kitu. Siku moja mchana nilikwenda kupeleka sare shuleni. Kurudi, nikakuta nusu ya mwanamume iko nje ya dirisha langu, miguu inapiga hewa. Nikaingia ndani kuona nusu nyingine. Alikuwa amekumbatia kichwa cha cherehani yangu, akauze. Angekiachia angetoka kama alivyoingia, lakini hakutaka kukiachia, ndiyo maana alikwama. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Nilimpokonya cherehani kwanza, nikaiweka mezani, nikaipangusa, ndipo nikaenda nje kumvuta miguu. Kofia ilibaki ndani. Nikaitupa kwa fimbo. Jioni ile nikaazima nyundo kwa jirani, yule pale mlangoni, muulizeni.

Na jirani yangu, ambaye hakuwa amefunga mdomo hata kidogo, akapaza sauti: "Nyundo hajairudisha mpaka leo!"

Unajua walifanya nini wale watu? Walipiga makofi. Walidhani ni mchezo tumeupanga. Mama mmoja alinikumbatia akasema nimeigiza vizuri. Nilisikia hasira imenipanda mpaka kwenye nywele. Nikashika ile kofia, nikamwekea kichwani mwenyewe, na mara hii nikamwonyesha mlango, maana ndipo watu wenye akili wanapopitia. Alisema, "Mke wangu, umefufuka." Nikamwambia sikufufuka, nilikuwa safarini, na wewe umekalia kiti changu. Akatoka. Sikumsindikiza.

Meneja wako akaja mbio, macho yanang'aa, ananiita Mama, ananiambia wageni hawajawahi kufurahi hivi, kama ninaweza kufanya hivyo kila siku, asubuhi na mchana. Kila siku! Nikang'oa kibao mlangoni kwa patasi, nikampa akabebe. Nikamwambia nyumba hii si simba wa bustani, hailali ikitazamwa.

Sasa wewe.

Kitasa nimebadilisha, funguo ninazo mimi. Chumba cha uani bado ni chako, begi lako, ambalo jirani alikuwa amelihifadhi dukani, liko kitandani, nimekushonea na ile suruali iliyochanika. Usidhani nimekusamehe, nimeshona tu. Na Meneja nimemwambia wageni wa Jumamosi waje, kwa mara ya mwisho, lakini waongozwe na wewe, la sivyo sifungui mlango. Amekubali, na nauli yako iko kwa dereva.

Utavaa shati safi. Utasimama pale ulipozoea kusimama, karibu na cherehani, na utaanza hadithi mwanzo kabisa, kwa sauti ile ile inayowaliza watu. Usiruke kitu. Ukifika mahali pa kungoja, simulia. Ukifika mahali ninapokufa, wasimulie nilikufaje. Mimi nitakuwa kwenye kiti cha mkono uliokatika, mbele yako, nakutazama.

Mimi Shangazi yako, mwenye nyumba.